Shajara ya mradi: hisa ya umeme na mstari wa siku 200

11 Januari 2025: Swali

Nina hisa za kampuni moja ya umeme. Kwenye shajara hii nitaiita U tu, maana sitaki mtu akimbilie kununua au kuuza kwa sababu ya maandishi yangu. Kinachonisumbua ni hiki: kila ninapomuuliza mtu kama hisa fulani bado iko sawa, jibu linakuja lilelile, "Angalia kama iko juu ya mstari wa siku 200." Wanamaanisha wastani unaosogea: unajumlisha bei za kufunga za siku 200 za soko zilizopita, unagawanya kwa 200, kesho unaingiza bei mpya na kuitoa ile ya zamani kuliko zote. Bei ikiwa juu ya mstari, hisa inahesabiwa kuwa mzima wa afya. Ikishuka chini, watu wanaanza kuaga.

Ushauri huo nimeusikia kwa hisa za teknolojia, za benki, za migodi. Kampuni ya umeme ni mnyama mwingine. Bei zake zinaamuliwa na mdhibiti, wateja wake hawakimbii, inakopa sana kujenga nyaya na mitambo, na sehemu kubwa ya anachopata mwanahisa inakuja kama gawio, yaani fungu la faida ambalo kampuni inawalipa wenye hisa. Hata Marekani waliona kundi hili linahitaji kipimo chake, ndiyo maana fahirisi ya Dow Jones ya kampuni za umeme, gesi na maji ipo tangu 1929, na leo ina kampuni 15. Je, mstari uleule unaifaa hisa ya namna hii? Nitaujaribu kwa data ya miaka kumi, Januari 2015 hadi Desemba 2024, na nikiridhika nitaweka fedha kidogo halisi.

Vifaa: kompyuta, lahajedwali, data ya bei za kufunga, na orodha ya magawio kutoka taarifa za kampuni zenyewe. Bei zote nimezigeuza kuwa fahirisi: siku ya kwanza yenye wastani kamili, katikati ya Oktoba 2015, ni 100. Sarafu haitatajwa.

18 Januari: Ngazi zisizo na nyumba

Kupakua data, dakika kumi. Kuisafisha, Jumamosi nzima.

Nilipochora mstari nikaona kitu cha ajabu. Wastani wa siku 200 unapaswa kuteleza polepole kama mto wa tambarare. Wangu ulikuwa na ngazi: unaporomoka ghafla, unakwenda sambamba, kisha unaruka juu kwa kipimo kilekile. Nilihesabu umbali kati ya kuporomoka na kuruka: safu 200 kamili. Hapo ndipo nikajua kosa liko ndani ya data, si sokoni. Siku tatu za sikukuu ziliwekwa kwenye faili bei ya sifuri badala ya kuachwa. Sifuri tatu katika siku 200 zinaushusha wastani kwa asilimia 1.5, na zinakaa humo mpaka zitoke zenyewe.

Ukiacha seli tupu, fomula ya wastani inairuka. Ukiandika sifuri, inaihesabu. Nimefuta safu zote za siku ambazo soko halikufunguliwa.

Jambo moja nililojifunza hapo limenisaidia mradi mzima: mabadiliko ya mstari kwa siku ni (bei inayoingia − bei inayotoka) ÷ 200. Yaani mstari unaweza kupanda leo si kwa sababu leo ni nzuri, bali kwa sababu siku mbaya ya miezi kumi iliyopita imetoka kwenye hesabu. Tangu hapo, nikisikia mtu anasema "mstari umeanza kupinda", kwanza naangalia ni bei gani inayotoka.

26 Januari: Matokeo ya kwanza, na furaha ya siku moja

Kanuni ya kuanzia ni rahisi kabisa: bei ikifunga juu ya mstari, nashika hisa, ikifunga chini, nauza na kukaa na fedha taslimu.

Kushika tu bila kufanya lolote: bei ilitoka 100 ikafika 122. Kanuni ya mstari: 131.

Nikalala vizuri.

2 Februari: Swali la mhasibu

Nilimtumia rafiki yangu mhasibu jedwali. Akanipigia simu akicheka.

"Ndugu yangu, hapa umenunua kwa bei ya kufunga ya siku ileile iliyokupa ishara."

"Ndiyo, si bei imevuka mstari?"

"Umejuaje imevuka kabla soko halijafunga? Na lilipofunga, umenunua kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Safu yangu ya ishara ilikuwa inatumia habari ambayo nisingekuwa nayo wakati wa kununua. Nikaisogeza chini kwa siku moja, ili ishara ya leo itekelezwe kesho. Badiliko hilo moja, ambalo kwenye lahajedwali ni kubadilisha tarakimu moja ndani ya fomula, lilishusha matokeo kutoka 131 hadi 118. Sasa kanuni iko chini ya 122 ya kushika tu.

Anayetaka kuiga kazi hii aanzie hapa, si kule nilikoanzia mimi. Kosa hili halionekani kwa macho, halitoi onyo, na kila mara linaelekea upande unaokupendeza.

9 Februari: Gharama

Niliweka gharama ya asilimia 0.6 kila upande: kamisheni ya dalali na tozo zake 0.4, na 0.2 kwa pengo kati ya bei anayotaka muuzaji na anayotoa mnunuzi. Kwenda na kurudi ni asilimia 1.2. Kwa kusikia ni kidogo.

Lakini kanuni ilikuwa imenunua na kuuza mara 41. Ukikatwa asilimia 1.2 mara 41 mfululizo, unabaki na takriban asilimia 61 ya ulichokuwa nacho. Ile 118 ikawa 72.

Nilipitia safari hizo 41 moja baada ya nyingine, na picha ikawa wazi. Hisa ya umeme haina haraka. Inaweza kukaa miezi mitano ikizungukazunguka mstari wake, leo juu kidogo, keshokutwa chini kidogo, na kila kuvuka kunamlipa dalali. Kipindi kimoja cha wiki sita peke yake kilikuwa na safari saba. Bei mwanzo na mwisho wa kipindi hicho ilikuwa karibu ileile. Aliyeondoka na kitu hapo ni dalali tu.

22 Februari: Gawio, kiini cha mambo

Hadi leo nilikuwa nimeyaacha magawio nje, kwa uvivu. U inalipa mara mbili kwa mwaka, kila mara karibu asilimia 2.5 ya bei. Ndani ya kipindi cha jaribio kuna magawio 18.

Kwanza nikayaongeza kijuujuu: anayeshika tu anapata yote 18, anayefuata kanuni anapata yale tu yaliyomkuta ndani. Kanuni ilikuwa ndani kwa magawio 11, na 72 yake ikapanda hadi 94. Anayeshika tu alifika… nitarudi kwenye namba hiyo, maana niliikosea vibaya.

La muhimu zaidi ni lile nililoliona nilipoweka alama kwenye chati, kila siku hisa inapoanza kuuzwa bila gawio. Siku hiyo mnunuzi mpya hapati tena gawio lililotangazwa, kwa hiyo bei inafunguka chini kwa karibu kiasi kilekile. Mwanahisa hajapoteza kitu: alichopungukiwa kwenye bei kinamjia mfukoni. Lakini mstari haujui. Mstari unaona bei imeanguka asilimia 2.5 kwa siku moja, na kama bei ilikuwa juu yake kwa asilimia 2, basi ishara ya kuuza imewaka.

Katika ishara zangu 41 za kuuza, 13 zilitokea ndani ya siku kumi za soko baada ya hisa kuanza kuuzwa bila gawio. Nilikuwa nauza hisa kwa sababu imenilipa.

Kuna upotofu mwingine wa chinichini zaidi. Wastani wa siku 200 unabeba bei ambazo umri wake wa kati ni siku 99.5, kwa hiyo kila wakati mstari unaeleza mambo ya miezi mitano iliyopita. Chukua hisa ambayo bei yake haiendi popote lakini inalipa asilimia 5 kwa mwaka. Kwenye chati ya bei tupu itakaa inagusanagusana na mstari, ikitoa ishara za uongo kila wiki. Ukiyahesabu magawio ndani ya bei, hisa hiyohiyo inapanda asilimia 5 kwa mwaka, na mstari unaochelewa siku 99.5 katika mwaka wa siku 250 za soko utakuwa chini yake kwa takriban asilimia 2. Hisa ni ileile na mwenye hisa ni yuleyule, ila chati moja inaonyesha mgonjwa na nyingine mzima. Kwa kampuni changa isiyolipa gawio tofauti hii haipo. Kwa kampuni ya umeme ndiyo habari yenyewe.

Marekebisho: badala ya bei tupu nimejenga fahirisi ya mapato yote. Kila siku nazidisha fahirisi ya jana kwa (bei ya leo + gawio la leo kama lipo) ÷ bei ya jana. Kuna njia nyingine, ya kurudi nyuma na kupunguza bei zote za zamani kila gawio linapotoka. Uwiano wa bei na mstari unabaki uleule, lakini namba za zamani zinabadilika kila baada ya miezi sita na huwezi tena kulinganisha na ulichoandika mwaka jana. Kwa shajara, njia ya kwenda mbele ni bora.

Safari zimeshuka kutoka 41 hadi 29.

1 Machi: Namba iliyokuwa tamu mno

Sasa ile namba. Fahirisi mpya iliniambia kwamba aliyeshika tu, na kuyarudisha magawio kwenye hisa, alitoka 100 akafika 248. Nilikaa nayo wiki nzima nikijisifu kwa uchaguzi wangu wa hisa.

Kilichonizindua ni safu ya asilimia za gawio. Miaka ya karibuni ilisoma 2.5, 2.4, 2.6. Miaka ya mwanzo ilisoma 5.1, 4.9, 5.0. Kampuni ya umeme haipunguzi gawio lake nusu kwa nusu halafu wanahisa wanyamaze.

Jibu lilikuwa mgawanyo wa hisa. Katikati ya kipindi U iligawa kila hisa moja kuwa mbili. Faili la bei lilikuwa limerekebishwa tayari, bei za zamani zimegawanywa kwa mbili. Orodha ya magawio niliitoa kwenye taarifa za kampuni, ambazo zinaandika kilicholipwa siku ile kwa hisa ya siku ile. Kwa hiyo magawio 11 ya kabla ya mgawanyo yalihesabiwa mara mbili ya thamani yake.

Baada ya kuyagawa kwa mbili: 190, na 189 nikitoa gharama ya kununua. Hapo 59 zimeyeyuka. Migawanyo si jambo adimu kwenye sekta hii; NextEra Energy ya Marekani, kwa mfano, iligawa hisa zake moja kuwa nne Oktoba 2020. Ukichanganya vyanzo viwili vya data, hakikisha vyote vinaongea kuhusu hisa ileile.

Kanuni kwa fahirisi sahihi, safari 29, baada ya gharama: 112. Bado aibu.

15 Machi: Ukanda na Ijumaa

Mambo mawili yamebadilishwa.

La kwanza, naangalia mara moja kwa wiki, kwa bei ya kufunga ya Ijumaa, na natekeleza Jumatatu. Wiki 40 ni siku 200 za soko, hivyo mstari haubadiliki. Safari zikashuka hadi 17, matokeo 139.

La pili, ukanda. Nanunua fahirisi ikiwa asilimia 3 juu ya mstari, nauza ikiwa asilimia 3 chini. Katikati sigusi kitu: kama nimo, nabaki, kama niko nje, nabaki nje. Wazo si langu. Mwaka 1992 William Brock, Josef Lakonishok na Blake LeBaron walichapisha jaribio la kanuni za wastani kwenye fahirisi ya Dow Jones kuanzia 1897 hadi 1986, na kanuni zao nyingine zilikuwa na ukanda wa asilimia 1. Kwa U, asilimia 1 haikutosha. Asilimia 2 ilitoa safari 11 na 163. Asilimia 3 ilitoa safari 9 na 168. Asilimia 4 ilitoa safari 7 na 161.

Kwa hiyo: kanuni 168, kushika tu 189. Mstari umeshindwa?

Kwa mapato, ndiyo. Ila anguko kubwa kuliko yote, kutoka kilele hadi shimo, lilikuwa asilimia 38 kwa anayeshika tu na asilimia 21 kwa kanuni. Pia katika jaribio fedha iliyokaa nje niliilipa sifuri. Kanuni ilikuwa nje karibu asilimia 35 ya muda. Nikiipa fedha hiyo asilimia 2 kwa mwaka, kadirio langu, 168 inakuwa 179. Sasa swali limebadilika. Naweza kuacha pointi kumi ili nisipitie shimo la asilimia 38? Kuna mtu atasema ndiyo na mwingine hapana, na wote wana akili timamu.

30 Machi: Siku 130

Leo nilipotea saa tano. Nilianza vizuri, nikitaka kuona kama 200 ni namba ya bahati: siku 150 ilitoa 159, 180 ilitoa 170, 220 ilitoa 165, 250 ilitoa 157. Hazitofautiani sana, na hilo ni jema.

Kisha nikajaribu 130. Ikatoa 201. Imempita anayeshika tu!

Nilishaanza kuandika shajara hii upya moyoni, kichwa chake kikiwa siku 130. Bahati nzuri nikajaribu majirani: 125 ilitoa 158, 135 ilitoa 162. Tofauti yote ilitokana na ununuzi mmoja uliotangulia wiki moja na kuwahi kupanda kwa ghafla. Jirani akikataa kukutolea ushahidi, ujue ushahidi wako ni wa kupangwa. Nimebaki na 200.

12 Aprili: Mara mbili mstari ulipochelewa

Machi 2020. Masoko ya dunia yaliporomoka kwa wiki chache; S&P 500, fahirisi ya kampuni kubwa za Marekani, ilikuwa kileleni 19 Februari na shimoni 23 Machi. Hisa za umeme, zinazosifiwa kuwa kimbilio, ziliporomoka nazo. Kanuni yangu iliuza U karibu na shimo, ikakaa nje wakati bei inarudi, ikanunua tena kwa bei ya juu kuliko iliyouzia. Safari hii moja ndiyo iliyoniumiza kuliko zote tisa. Kuanguka kwa kasi na kurudi kwa kasi ndiyo sumu ya wastani mrefu, na sijapata dawa yake isiyoharibu sehemu nyingine. Nilijaribu mstari wa siku 50 kama mlinzi wa pili. Safari zikarudi kuwa 19. Nimeuondoa.

Mara ya pili ilikuwa uamuzi wa mdhibiti. Ijumaa fahirisi ilikuwa asilimia 6 juu ya mstari, kila kitu shwari. Wiki iliyofuata mdhibiti alipunguza faida ambayo kampuni inaruhusiwa kupata juu ya mtaji iliouwekeza kwenye mtandao, na bei ikaanguka asilimia 11 kwa siku moja. Mstari ulikuwa hauna la kusema kabla, na baada ya hapo ulichosema nilikuwa nimeshakijua. Faida ya kampuni kama hii, kwa ufupi, ni thamani ya mali zake zinazotambuliwa na mdhibiti ukizidisha kiwango cha faida anachokiruhusu. Namba hizo mbili zinabadilika kwa tarehe inayojulikana mapema. Kwa hiyo nimeongeza safu isiyo ya hesabu: tarehe ya mapitio yanayofuata ya bei za umeme. Sifanyi biashara kwa ajili yake. Nataka tu kukumbuka kwamba siku hiyo mstari ni kipofu.

3 Mei: Riba

Mahali mstari ulipofanya kazi yake ni 2022 na 2023. Benki kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka kati ya asilimia 0 na 0.25 mwanzoni mwa Machi 2022 hadi kati ya 5.25 na 5.50 Julai 2023, na benki kuu nyingi zilifanya vivyo hivyo. Kampuni ya umeme inaumizwa kote kuwili: madeni yake yanapanda gharama, na gawio lake la asilimia 5 halina mvuto tena kama hatifungani ya serikali, yaani mkopo unaoipa serikali kwa riba, inalipa karibu hivyo bila wasiwasi. Hiyo si ajali ya siku moja, ni shinikizo la miezi mingi, na wastani mrefu umeumbwa kwa ajili ya mambo ya miezi mingi. Kanuni iliuza ikiwa asilimia 9 chini ya kilele. Shimo lilikuwa asilimia 38.

Nikaweka mapato ya hatifungani ya serikali ya miaka kumi pembeni, na wastani wake wa siku 200. Katika ishara tisa za kuuza U, sita zilitokea wakati mapato ya hatifungani yako juu ya wastani wake. Zile tatu zilizobaki, ikiwemo ya Machi 2020, zote zilikuwa za hasara. Nimejizuia kuigeuza hii kuwa kanuni. Ishara tisa ni chache kuliko vidole vyangu. Lakini naisoma kila Ijumaa.

24 Mei: Kampuni ya maji

Kanuni ileile, bila kugusa chochote, kwa hisa ya kampuni ya maji: 140 kwa kanuni, 171 kwa kushika tu, anguko kubwa asilimia 24 dhidi ya 29. Yaani bima ya bei ghali kwa nyumba isiyoungua sana. Hisa hii ina biashara ndogo sokoni, na nina shaka gharama ya 0.6 ni ya huruma.

14 Juni: Fedha halisi

Ijumaa ya tarehe 6 fahirisi ya U ilifunga asilimia 3.4 juu ya mstari. Hisa zangu za zamani sijazigusa. Nimetenga fedha kidogo ya pembeni kwa ajili ya jaribio. Jumatatu niliweka oda yenye bei ya ukomo, yaani isinunue juu ya bei niliyoitaja. Asilimia 60 ilinunuliwa, iliyobaki ikangoja, bei ikapanda, Jumanne nikasalimu amri na kununua juu zaidi.

Gharama ya kuingia ikawa asilimia 0.9 badala ya 0.6. Nikarudi kwenye jaribio na kuweka 0.9 kila upande: safari tisa zinashusha 168 hadi 159. Ile ya safari 41 sikuthubutu kuihesabu tena.

6 Septemba: Kosa jipya juu ya kosa la zamani

Tarehe 6 Agosti U ilianza kuuzwa bila gawio la asilimia 2.4. Bei ilishuka 2.7 siku hiyo, na kwenye chati ya dalali ikaenda chini ya mstari. Mhasibu alinipigia: "Umeshauza?" Nikamjibu kwa majivuno kwamba chati yake haijui kuhesabu magawio.

Kisha nikafungua lahajedwali langu: asilimia 0.5 chini ya mstari.

Nilikuwa nimepanga kuandika gawio siku fedha inapoingia kwenye akaunti, yaani 5 Septemba. Kwenye jaribio la nyuma nilitumia tarehe sahihi. Kwenye daftari la moja kwa moja nikatumia tarehe ya benki, kwa mazoea tu. Na hata siku ile ya Agosti sikuliona kosa. Niliona 0.5 chini, nikajiambia ukanda unanilinda, nikafunga. Nimeligundua jana fedha ilipoingia na fahirisi ikaruka bila habari yoyote sokoni. Nilipoliweka gawio mahali pake, fahirisi ya Agosti ilisoma asilimia 1.9 juu ya mstari. Ukanda uliniokoa, kama bei ingeshuka asilimia 2.6 zaidi, ningeuza kwa ishara ambayo nimetumia miezi sita kuieleza kwamba ni ya uongo.

Safu mpya: "tarehe ya kuanza kuuzwa bila gawio", na fomula inasoma hiyo pekee. Tarehe ya malipo nimeiondoa kabisa kwenye jedwali.

Mhasibu sijamwambia.

4 Oktoba: Ilipofikia

Saa zilizotumika: 52, ambazo karibu 30 ni za kutafuta makosa yangu mwenyewe. Fedha: mwezi mmoja wa usajili wa data, na ile 0.9 ya kuingia.

Jana U ilifunga asilimia 2.2 juu ya mstari. Ili ishara ya kuuza iwake, fahirisi inabidi ishuke karibu asilimia 5 kutoka hapa, mstari ukibaki ulipo. Bei zinazotoka sasa kwenye hesabu ni za Desemba iliyopita, zilizokuwa chini, hivyo mstari utapanda wiki chache zijazo hata kama bei haitatikisika, na nafasi hiyo itapungua. Mapato ya hatifungani yako chini ya wastani wake. Mapitio ya mdhibiti ni Novemba.

Ukaguzi unaofuata ni Ijumaa, 10 Oktoba.